Mjadala: Kisiwa cha Mbudya kikodishwe chote kwa mwekezaji mmoja?

Wadau, habari ya kuwekeza kwenye visiwa vidogo ikiibuka huwa tunaishia kurushiana maneno. Leo tuongelee kimoja tunachokijua wengi: Mbudya, hapo mbele ya Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuna anayeishi pale. Tangu 1975 Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi. Unalipa kiingilio, unapanda boti, unakula samaki bandani, jioni unarudi kwako.

Mimi nasema kisikodishwe. Wapo wanaokiita mali iliyolala kwa kuwa hakina wakazi. Mbona kinafanya kazi usiku na mchana? Mawimbi yanavunjikia kwenye miamba yake kabla hayajafika Kunduchi, ambako bahari ilishakula ufukwe mpaka Hoteli ya Africana ikawa magofu. Na visiwa hivi si vya milele. Maziwe, kule Pangani, kilikuwa na miti na kasa wakitaga. Miti ikaisha, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa.

Karibuni, ila kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, Kunduchi usiisingizie bahari peke yake. Mchanga ulichimbwa mitoni miaka na miaka, ufukwe ungepata wapi wa kujaziliza? Halafu angalia Shungimbili kule Mafia. Nacho ni hifadhi, kimekodishwa, siku hizi wanakiita Thanda, na kina nyumba moja tu ya kifahari. Mtu anayelala kisiwani ndiye anayesikia baruti ya wavuvi haramu ikilipuka alfajiri. Mlinzi wa kuja na boti hufika samaki wameshaelea.

Mleta mada:
Baruti ni hoja nzito, sibishi. Lakini Shungimbili kiko mbali, hakuna familia ya Manzese inayokwenda huko Idd Mosi. Mbudya kiko mbele ya jiji la watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, na fukwe za wazi bara zinazidi kubanwa na kuta za hoteli. Tena Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Ondoa hizo mita pande zote za kisiwa, uone mwekezaji anabaki na nini. Kwangu mimi, wekeni askari wa kulala pale kwa hela ya kiingilio.

Mchangiaji wa pili:
Mimi mtu wa boti. Mmetaja nyumba za kifahari na baruti, ila choo na takataka hakuna aliyegusa. Jumapili jioni chupa zimezagaa, na walioziacha ni haohao "umma" mnaowatetea. Hata hivyo mwekezaji simtaki mpaka nijibiwe moja: kisiwa kikikodishwa, abiria wangu nitawashusha wapi?