Kyubu za zege la C25 zimetoa wastani wa 13.8 N/mm² siku ya 7: shida ni mchanga, kokoto au saruji?

Mwenzenu_Njiro

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za majukumu. Naomba msaada wa kusoma majibu ya maabara. Site iko Njiro, Arusha. Ni slabu ya ghorofa ya kwanza na mchoro unadai zege la C25, yaani la kufikisha 25 N/mm² siku ya 28. Tumechanganya mfuko 1 wa saruji ya daraja la nguvu la 32.5, ndoo 3 za mchanga na ndoo 5 za kokoto, ndoo ya lita 20. Maji lita 30, na yanaongezwa kidogo zege likionekana zito. Mchanga ni ule mweusi wa korongoni, ulikuja na unyevu. Slampu (kipimo cha jinsi zege bichi linavyoshuka likitolewa kwenye koni) ilisoma mm 140.

Kyubu 3 za mm 150 (vipande vya zege vya pande sawa vya kupimia nguvu) zimevunjwa siku ya 7; kN ni mzigo uliobebwa, N/mm² ni mzigo huo kwa kila mm² ya uso:

Ya kwanza kilo 7.38, imebeba kN 279, sawa na 12.4 N/mm²
Ya pili kilo 7.71, kN 358, sawa na 15.9
Ya tatu kilo 7.45, kN 295, sawa na 13.1

Msimamizi anasema saruji ni mbovu. Mwenye nyumba anataka mirunda itolewe wiki hii apandishe ukuta wa juu. Nianzie wapi?

Maabara_Moshi

Marahaba. Mirunda ikae hapo hapo ilipo, hilo halina mjadala. Mengine tuyaangalie taratibu.

Umefanya vizuri kuweka uzito, maana watu wengi wanaruka hadi kwenye N/mm² na kuacha nusu ya jibu nyuma. Kyubu ya mm 150 ina ujazo wa mita za ujazo 0.003375. Zege la kokoto ngumu lililoshindiliwa sawasawa huwa karibu na kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kyubu inatakiwa kukaribia kilo 8.1. Za kwako ni kati ya kilo 2,187 na 2,284 kwa mita ya ujazo. Zote ni nyepesi.

Sasa angalia mpangilio wake: iliyo nzito kuliko zote ndiyo iliyobeba zaidi, na nyepesi kuliko zote ndiyo iliyowahi kupasuka. Kila asilimia 1 ya hewa iliyobaki ndani ya zege hula takriban asilimia 5 ya nguvu. Kati ya kilo 7.71 na 7.38 kuna tofauti ya asilimia 4 hivi, na nguvu imeshuka asilimia 22. Hesabu zinaoana. Saruji mbovu ingezishusha kyubu zote tatu kwa pamoja, maana zimetoka kwenye zege moja. Za kwako zimeachana kwa 3.5, ambayo ni asilimia 25 ya wastani. Pengo likipita asilimia 15, mtuhumiwa wa kwanza ni mkono uliojaza kalibu, yaani chombo cha kufinyangia kyubu.

Kalibu ikazwe boliti na ipakwe oili nyepesi. Jaza tabaka 3 za mm 50. Kila tabaka lishindiliwe mara 35 au zaidi kwa chuma chenye uso wa mraba wa mm 25 na uzito wa kilo 1.8, ukitembeza mapigo hadi kwenye pembe. Kipande cha nondo kinatoboa tu, hakishindilii. Kisha gonga pembeni kwa nyundo ya mpira mpaka mapovu makubwa yaache kutoka na matundu ya chuma yafunge. Kamwombe mtu wa maabara mabaki ya kyubu yako ya kwanza. Kama pembe za chini zina mashimo kama sega la nyuki, umepata jibu.

Muulize pia zilivunjikaje. Kyubu iliyokaa sawa kwenye mashine hupasuka pande zote nne na kubaki na umbo la piramidi mbili zilizogusana vichwa. Ikimeguka upande mmoja tu, mzigo haukukaa katikati, au kyubu iliwekwa na ule uso uliosawazishwa kwa mwiko ukiwa juu badala ya ubavuni, na hapo majibu hayafai.

Lakini hata ile ya kilo 7.71 imepungukiwa karibu gramu 400. Kwa hiyo kuna kingine zaidi ya ushindiliaji. Vunja vipande kwa nyundo utazame kokoto zenyewe. Huku kwetu chini ya Meru na Kilimanjaro jiwe jeusi gumu la volkano na jiwe jepesi lenye matundu yanaweza kutoka machimbo yaliyo jirani kabisa, na kwenye lori moja yakaja yamechanganyika.

ZegeNaMaji

Mkuu wa Moshi amemaliza habari ya uzito. Mimi nabaki kwenye maji, maana hapo ndipo nguvu nyingi imepotelea.

Ndoo 3 za mchanga wenye unyevu ni kama kilo 84. Unyevu wa asilimia 5 tu unaleta lita 4 ambazo hamkuzihesabu. Ongeza lita 30 zenu, mko kwenye lita 34 kwa kilo 50 za saruji, uwiano wa 0.68, na hapo bado hayajaingia yale ya kuongeza kwa macho. Kwa saruji ya 32.5, C25 inataka ukae kwenye 0.50 hadi 0.55. Hiyo ni lita 25 hadi 27 jumla, pamoja na zilizo ndani ya mchanga. Slampu itashuka kwenye mm 50 hadi 75 na mafundi watalalamika kwamba zege halitembei. Dawa yake ni vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishindilike. Kuongeza maji hakutakiwi kabisa.

Halafu mchanga wenye unyevu huvimba, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30. Ndoo 3 zako zinaweza kuwa na mchanga halisi wa ndoo 2 na nusu hivi. Ndiyo maana kipimo cha ndoo kinabadilika mvua ikinyesha usiku, ilhali mizani haidanganyi.

Pima na tope, hiki unakifanya leo leo hapo site. Koroga vijiko 2 vya chai vya chumvi kwenye lita 1 ya maji. Chukua silinda ya kupimia ya ml 250, mimina maji ya chumvi hadi ml 50, tia mchanga taratibu hadi usome ml 100, kisha ongeza maji ya chumvi hadi ml 150. Ziba mdomo, tikisa kwa nguvu, weka mahali tambarare, gonga kidogo uso ulale sawa. Acha masaa 3. Juu ya mchanga litakaa tabaka laini la tope. Gawanya kimo chake kwa kimo cha mchanga. Ikizidi asilimia 8, mchanga huo uoshwe au upelekwe maabara kabla ya kutumika. Tope hufunika punje, saruji ikakosa pa kushika, na hunywa maji ndipo fundi anaongeza mengine.

Na kwa kuwa mizani ipo, pima nondo pia. Ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa kilo 10.7 hivi. Ikishuka chini ya 10.2, hiyo si ya 12.

Mwenzenu_Njiro

Nimerudi wakuu, asanteni sana. Tope limesoma ml 9 juu ya mchanga wa ml 86. Vipande vya kyubu nimevipata: pembe mbili za chini zina mashimo. Nimehesabu kokoto 40 zilizojitokeza kwenye uso uliovunjika, 11 ni nyekundu au nyeusi zenye vitundu, nyingine inakwaruzika kwa msumari. Je, saruji imeshatoka kwenye lawama? Na slabu iliyokwisha kumwagwa tuifanyeje?

Fundi_Sanifu_Kijenge

Tope asilimia 10.5, mchanga huo umefeli.

Saruji bado haijapimwa, ila hakuna kinachoielekeza kidole. Soma mfuko. Ukiona herufi P baada ya CEM II, au CEM IV (alama za aina ya saruji), kuna pozolana ndani, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa. Si kasoro. Pozolana huingia kazini taratibu, inakula chokaa inayotolewa na saruji yenyewe, kwa hiyo nguvu huchelewa kuja kisha huendelea kupanda hata baada ya siku 28. Ile desturi ya kusema nguvu ya siku 7 ni theluthi mbili ya nguvu ya siku 28 inakudanganya hapo. Angalia pia kama ni 32.5N au 32.5R. R ni ya kuwahi na lazima ifikishe 10 N/mm² siku ya 2. N inadaiwa 16 siku ya 7. Namba hizo ni za vijiti vya saruji na mchanga maalumu wa maabara, usizilinganishe na zege lako. Ukiwa na shaka, peleka mfuko ambao haujafunguliwa wapime muda wa kuanza kuganda, ambao kwa 32.5 usipungue dakika 75.

Baridi nayo ihesabu. Kyubu zinatakiwa kukaa kwenye maji ya nyuzi 20, zikipishana kwa 2 tu. Pipa lililowekwa nje Arusha mwezi wa Julai linalala chini ya hapo kila usiku. Liweke ndani ya stoo na utie kipimajoto.

Kokoto zenye vitundu: zilowekwe masaa 24, zifutwe kwa kitambaa, zipimwe, kisha zikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 105 na kupimwa tena. Jiwe gumu huongezeka uzito kwa maji kwa asilimia chache tu, lenye vitundu linaweza kupita 10. Kwenye slabu ya C25 yakatae, rudisha lori.

Kwa slabu iliyopo: magunia mabichi juu yake usiku na mchana, angalau siku 10 ukihesabu na zilizopita. Mirunda yote ibaki na ukuta wa juu usianze hadi kyubu za siku 28 zivunjwe. Zikishindwa, mhandisi aagize kukata vipande vya mviringo vya mm 100 kutoka kwenye slabu yenyewe, mbali na nondo. Kipimo kinachotumika sana ni wastani wa vipande 3 usiopungua asilimia 85 ya nguvu inayodaiwa, na kisiwepo hata kimoja chini ya 75. Nyundo ya kudunda inasoma ugumu wa uso tu, usiitegemee peke yake.

Mmwago ujao tengeneza kyubu 7: 2 za siku ya 7, 3 za siku 28, na 2 zibaki kwenye maji hadi siku 56. Ziandike tarehe na sehemu ya slabu kwa rangi kabla hazijaingia pipani, maana chaki hufutika.