Mafundi na wauza spea wa Malindi, hizi pampu za kutolea hewa breki mnatuuzia nini?

Jamani, nina hasira na asitokee mtu wa kuniambia nitulie. Duka moja la spea hapa mjini limeniuzia pampu ya mkono ya kufyonza hewa kwenye breki za mafuta za pikipiki, shilingi 4,500. Boksi zuri, geji juu, kichupa cha kudakia mafuta, vimipira vya kila saizi. Muuzaji ananipamba: "Mzee wangu, ukiwa na hii fundi utamsahau." Nikaifunga kwenye kalipa ya mbele, kile chuma kinachobana diski ya breki, mapovu yakaanza kutoka. Yakatoka, yakatoka, chupa nzima ya mafuta ya breki ikaisha, na mkono wa breki bado unazama mpaka ugonge hendeli.

Kurudi dukani naambiwa ati masta yangu, ile silinda ya juu kwenye hendeli inayosukuma mafuta, imekufa. Imekufa wapi! Ile hewa haikuwa inatoka ndani ya breki. Ukishalegeza skrubu ya kutolea hewa, pampu inavuta upepo wa nje kupitia kwenye thredi za skrubu, upepo unaingia kwenye mpira, wewe unaona mapovu ukidhani kazi inaendelea. Hata ukae mpaka magharibi hayaishi. Grisi kidogo kuzunguka shingo ya skrubu yanapungua. Hilo ni neno la kumwambia mteja kabla hujapokea pesa yake, au sivyo?

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kazi hii haitaki pampu. Inataka mpira mwembamba unaoona ndani, uingie kwenye skrubu kwa kubana, na chupa yenye mafuta kidogo chini ili ncha ya mpira izame. Bana mkono, legeza skrubu, kaza, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla ya kukaza umerudisha hewa. Chungulia masta mara kwa mara isikauke. Basi.

Spana ndiyo ya kuitolea pesa, na ndiyo hamna! Skrubu nyingi za pikipiki ni namba 8, nyingine 10, na ni laini. Nimezunguka maduka natafuta ringi spana ya kona sita, naonyeshwa ya kona kumi na mbili, au naletewa spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, bila haya. Hapa pwani chumvi ya bahari inagandisha skrubu, fundi anakuja na malaya yake, anazungusha mara moja, kona zote zimekwisha. Halafu mteja ndiye anayetumwa Mombasa kutafuta kalipa.

Wenye Boxer zenye breki za ngoma na klachi ya waya haya hayawahusu, endeleeni kubeba abiria. Sisi wenye klachi ya mafuta ndio tunaumia. Hewa hupenda kupanda, na masta ya klachi inasukuma mafuta kidogo mno, kwa hivyo kubana mkono peke yake unaweza kubana hadi vidole vife ganzi. Bomba kubwa la sindano, jipya, lisilo na sindano yake, linashinda ile pampu: unasukuma mafuta kutoka kwenye skrubu ya chini, hewa inatokea juu kwenye masta. Punguza kwanza mafuta ya masta, la sivyo yatamwagikia tangi na rangi itababuka. Yakimwagika, maji haraka.

Tena muulize fundi anatia nini humo. Pikipiki za KTM zilizokuja na klachi ya kampuni ya Magura zinatumia mafuta ya madini. Ukizitilia DOT 4, yaani mafuta ya breki ya kawaida, mipira ya ndani inaharibika. Zenye klachi ya kampuni ya Brembo ndizo zinazotaka DOT 4. Kuna fundi nilimwambia hivyo akacheka, "Mafuta ni mafuta."

Sijamaliza. Nani aliwaruhusu kupima DOT 4 kwenye chupa za soda kutoka galoni linaloshinda wazi? Mafuta haya yanafyonza unyevu, na unyevu wa Malindi tunaujua. Yakiwa mapya DOT 4 haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanywa maji kiwango kinashuka hadi 155. Mtu anateremka na mzigo, breki zinachemka, mkono unakuwa mtupu. Mie nanunua kichupa kidogo chenye lakiri, kikibaki namwaga.

Mwenye duka, unajijua: pampu nimeirudisha kwenye boksi lake na nakuja Jumatatu kuchukua pesa yangu. Na mwenye ringi spana ya 8 ya kona sita, Malindi, Watamu au hata Kilifi, aseme bei hapa hapa.