Vipakatalishi vya mtumba na matangazo ya kurejesha betri: je, mnunuzi wa Nairobi analindwa?

Mwalimu wa Umoja aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, hamjambo.

Ninasimamia chumba cha kompyuta katika shule moja ya sekondari mashariki mwa Nairobi. Bodi ya shule ilitununulia vipakatalishi vya mtumba kutoka kwa muuzaji mmoja wa katikati ya jiji, mashine zilizotumika katika ofisi za Uingereza kabla ya kusafishwa na kuletwa huku. Ni mchanganyiko wa modeli ambazo kila mnunuzi wa mtumba anazifahamu: HP ProBook 640 G2 na 650 G2, Lenovo ThinkPad T420, na MacBook Pro moja ya inchi 15 ya mwaka 2015 ambayo mzazi alitupa kama msaada.

Moja kati ya mashine hizi, ambayo chapa yake nitaiacha kwa sababu sitaki kuonekana kwamba nalichafua jina la kampuni, imeinuka chini ya kibodi kiasi kwamba haifungiki tena. Nilipotafuta habari nikagundua kwamba modeli kadhaa tulizo nazo zimewahi kutajwa katika matangazo ya kurejesha betri, yaani wito wa kampuni kwamba betri zenye kasoro zirudishwe na kubadilishwa, kutokana na hatari ya kupata joto kupita kiasi na kushika moto. Nilimpigia simu muuzaji, naye akaniambia kwamba matangazo hayo ni ya watu walionunua mashine zikiwa mpya ng'ambo, na kwamba betri ikifura fundi huitoboa kidogo ili hewa itoke, kisha kazi ikaendelea.

Ningependa kujua kama kweli tangazo la kurejesha halimhusu mnunuzi wa pili, nitazitambuaje mashine zinazohusika, na hiyo iliyofura niifanye nini. Niongeze kwamba mashine zote huchajiwa usiku katika stoo ileile yenye madaftari ya wanafunzi, jambo ambalo sasa linaninyima usingizi.

Fundi wa Luthuli alijibu:

Mwalimu, nianze na hiyo iliyofura, kwa maana hayo mengine yanaweza kungoja hadi wiki ijayo lakini hiyo haiwezi.

Tafadhali asiitoboe mtu. Kilichojaa ndani ya mfuko wa betri hiyo si hewa, bali ni gesi inayotokana na kuharibika kwa kioevu kilichomo ndani, nacho ni kioevu kinachoshika moto. Ndani ya kila seli ya lithiamu kuna karatasi ya upande chanya na karatasi ya upande hasi, zimekunjwa pamoja na kutenganishwa na utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele. Msumari au bisibisi ikipita hapo, pande hizo mbili hugusana, shoti inatokea, joto linapanda, na likifika takriban nyuzi 130 utando wenyewe huanza kuyeyuka, jambo linalozidisha shoti ileile iliyouyeyusha. Kuanzia hapo seli hujipasha moto yenyewe bila kuhitaji umeme wa nje, na joto lake huichokoza seli ya jirani. Ninajua wapo mafundi mjini wanaotoboa na hawajapatwa na lolote. Sababu yake kwa kawaida ni kwamba betri waliyoitoboa ilikuwa karibu tupu, kwani betri iliyojaa chaji ndiyo hulipuka kwa ghadhabu zaidi. Huo si ufundi.

Zima mashine, chomoa chaja, usijaribu kuifunga wala kuibana, na usiiwashe tena eti upate kumaliza chaji kwa kuonyesha video. Iweke juu ya sakafu ya saruji, au ndani ya debe la chuma lenye mchanga mkavu, mahali palipo mbali na karatasi, mapazia na milango ambayo watu hutokea. Ikianza kutoa moshi, watoe wanafunzi kwanza, kwa sababu moshi huo una sumu, kisha zima umeme wa chumba na uwapigie zimamoto. Kizimamoto cha unga huzima ndimi za moto lakini hakipozi seli, kwa hiyo moto huweza kurudi baada ya dakika chache. Ikiwa unaweza kuifikia mashine kwa usalama na umeme umekatwa, maji mengi ndiyo huipoza betri ndogo ya namna hii.

Stoo hiyo pia ibadilishwe leo. Zichajiwe mchana, mtu akiwepo, juu ya meza zisizo na karatasi, na zisirundikwe moja juu ya nyingine.

Mkaguzi wa Vifaa alijibu:

Muuzaji wako amekosea. Tangazo la kurejesha hufuata nambari ya mashine au nambari ya betri, halifuati jina la aliyenunua kwanza, ndiyo maana kampuni huweka ukurasa ambapo mtu yeyote huingiza nambari hiyo na kujibiwa. Ukweli mwingine, ambao unamtetea muuzaji kidogo, ni kwamba barua pepe ya tahadhari ilitumwa kwa ofisi iliyonunua mashine ikiwa mpya, na ofisi hiyo ilipoiuza kwa wasafishaji wa mtumba, tahadhari haikupanda meli pamoja na mashine. Mnunuzi wa Nairobi asipojitafutia habari hizo, hakuna atakayemletea.

Tukizitazama modeli zako moja moja: HP ilitangaza Januari 2018 kurejeshwa kwa betri za baadhi ya ProBook 640 na 650 za vizazi G2 na G3, pamoja na ZBook na modeli nyingine kadhaa, Marekani pekee zilihesabiwa takriban 50,000, na Machi 2019 zikaongezwa nyingine 78,500. Kwa kuwa betri hizo zimefungiwa ndani na mtumiaji hawezi kuzichomoa, HP ilitoa sasisho la BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, linaloiweka betri katika hali ya usalama, yaani betri huishiwa chaji na kukataa kuchajiwa, huku mashine ikitumika kwa umeme wa ukutani hadi fundi aliyeidhinishwa aibadilishe. Ukikuta ProBook ambayo haichaji kabisa ingawa chaja ni nzima, usikubali haraka kuambiwa kwamba madabodi, yaani bodi kuu ya mashine, imekufa.

Kwa ThinkPad, tangazo lilitolewa Machi 2014 na kupanuliwa Aprili 2015, nayo T420 imo. Uzuri wa T420 ni kwamba betri yake hutoka kwa kusukuma vishikizo viwili tu, na nambari imeandikwa kwenye betri yenyewe, kwa hiyo hapo unakagua betri badala ya mashine. Ile MacBook Pro ya inchi 15 ya mwaka 2015 ilitangazwa na Apple Juni 2019. Zilizohusika ziliuzwa hasa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, na kwa Marekani zilikuwa takriban 432,000. Miezi miwili baadaye mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilizikumbusha kampuni za ndege kwamba betri zilizorejeshwa hazipaswi kupandishwa ndegeni. Nambari ya mashine utaipata kwenye menyu ya Apple, na kwa zile za Windows imeandikwa chini ya mashine; kibandiko kikiwa kimefutika, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike `wmic bios get serialnumber`.

Nambari inayotambuliwa kuwa imo katika orodha ndiyo ushahidi. Jina la modeli ni dalili tu, kwa sababu mashine mbili zinazofanana kila kitu zinaweza kuwa na betri zilizotoka viwanda tofauti. Mwaka 2006, Dell iliporejesha betri milioni 4.1 baada ya picha za kipakatalishi kikiwaka mkutanoni Osaka kuenea, na Apple ikafuata kwa milioni 1.8, chanzo kilikuwa chembe ndogo za chuma zilizoingia ndani ya seli zilipokuwa zikitengenezwa na Sony. Kampuni tofauti, kiwanda kimoja cha seli. Wala si kila tangazo linatokana na seli mbovu: Lenovo ilirejesha baadhi ya ThinkPad X1 Carbon za kizazi cha tano mwaka 2018 kwa hofu ya skrubu iliyoachwa bila kukazwa, ambayo ingeweza kuiumiza betri isiyo na kasoro yoyote.

Mama Naliaka, Buruburu alijibu:

Mimi ningeuliza swali la mtu asiye fundi. Kwa nini shule isitoe betri zote na kutumia umeme wa ukutani pekee? Watoto hawazibebi mashine hizo kwenda popote.

Fundi wa Luthuli alijibu:

Mama, wazo lako ni jema kwa zile ambazo betri hutoka kwa nje, na kwa betri iliyomo katika tangazo ndilo jambo la kwanza la kufanya. Kwa jumla, hata hivyo, stima ikipotea katikati ya mtihani wa somo la kompyuta, kazi ya darasa zima hupotea nayo, na mashine isiyo na betri huzimika ghafla kila umeme unapocheza. Baadhi ya modeli pia hupunguza kasi ya prosesa zisipoiona betri. Ningezitoa zile zenye shaka na kuziacha zile zilizo nzima.

Wakili wa Ngara alijibu:

Nijibu upande wa sheria, kwa kifupi, kwa kuwa swali lenyewe halina utata mkubwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hizo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia ya hasara au jeraha linalotokana na kasoro. Hakuna mahali kinaposema kwamba haki hizo ni za vitu vipya pekee. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, na ile kongwe ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo huweka sharti la bidhaa kufaa kwa kazi ambayo muuzaji alijulishwa kwamba imenunuliwa ifanye.

Muhuri wa "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi" una nguvu zaidi machoni pa mteja kuliko mbele ya hakimu. Nasema hivyo bila kukuahidi ushindi: mtumba huuzwa kwa bei inayokiri kwamba umetumika, na betri iliyochoka kwa umri tu itakupa hoja dhaifu. Betri iliyokuwa imetangazwa kuwa hatari kabla haijauzwa kwako ni jambo jingine, kwa sababu muuzaji wa vipakatalishi kwa jumla anatarajiwa kuyafahamu matangazo ya bidhaa anayoiuza. Mwandikie barua, uambatanishe risiti, nambari za mashine na nakala ya tangazo. Akipuuza, Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya watumiaji, na kwa kiasi cha fedha kisichozidi shilingi milioni moja ipo Mahakama ya Madai Madogo.

Mwalimu wa Umoja alijibu:

Nawashukuru nyote. Stoo tumeihama na kuchaji kwa usiku kumekoma.

Matokeo ya ukaguzi yamenishangaza. Ile mashine iliyofura haimo katika tangazo lolote. Fundi alipoifungua kwa uangalifu alikuta betri isiyo ya kampuni iliyotengeneza mashine, bila shaka iliyowekwa na wasafishaji. Kwa upande mwingine, mashine nyingine iliyo bapa kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuitilia shaka, nambari yake imetambuliwa kuwa imo. Tumeitenga. Je, ninaweza kuituma betri hiyo moja kwa moja kwa kampuni Ulaya ili tubadilishiwe? Na hiyo iliyofura itupwe wapi, kwa sababu mlinzi amependekeza shimo la takataka?

Mkaguzi wa Vifaa alijibu:

Usiitume. Kanuni za usafiri wa anga zinakataza kusafirisha kwa ndege betri ya lithiamu iliyorejeshwa kwa sababu za usalama au iliyoharibika, hata ikiwa imefungwa vizuri namna gani, na mtu wa kusafirisha vifurushi akikubali kuipokea bila kuuliza, ujue hakuelewa alichopewa. Wasiliana na mtoa huduma wa hapa Nairobi aliyeidhinishwa na kampuni hiyo, umpe nambari, na umwulize kama mpango wa kubadilisha bado uko wazi kwa modeli yako. Ikiwa umefungwa, betri hiyo isirudi kazini kwa kisingizio kwamba bado inashika chaji.

Hayo yaliyokukuta kuhusu ile iliyofura ni ya kawaida. Betri huweza kufura kwa uzee, kwa joto, au kwa kukaa kwenye chaja miezi mfululizo, na betri ya bei ya kutupa yenye saketi hafifu ya kudhibiti chaji hufura mapema zaidi. Nayo yenye kasoro ya kiwandani inaweza kuonekana nzima hadi siku inapowaka.

Fundi wa Luthuli alijibu:

Shimo la takataka hapana, Mwalimu, hasa kama takataka zenu huchomwa. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre, kituo kinachopokea taka za kielektroniki, ambacho kilichipuka kutokana na kazi ya Computers for Schools Kenya ya kuzigawia shule kompyuta zilizotumika. Piga simu kwanza uwaeleze kwamba betri imefura, kwa sababu hiyo hupokewa kwa utaratibu wake. Ziba ncha zake za chuma kwa utepe wa fundi umeme, kila betri peke yake, uziweke katika debe la mchanga na ulipeleke kwa gari la shule. Usiiweke kwenye mkoba ndani ya matatu wala usimpe mtu wa bodaboda aibebe mgongoni.

Betri mpya utakayonunua, omba ioneshwe kwanza ikiwa nje ya pakiti, ulinganishe volti na nambari ya sehemu na zile za betri ya zamani, na uandikiwe nambari hiyo kwenye risiti. Ukishaiweka, andika `powercfg /batteryreport` katika dirisha la amri, utazame uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa betri inayoitwa mpya tayari imepoteza robo ya uwezo wake, irudishe siku hiyohiyo kabla muuzaji hajakusahau sura.