Kufunga strati baa ya mbele kwenye Forester SG5 turbo nyumbani: naomba ushauri kabla sijagusa nati

BoksaWaTegeta
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Forester SG5 ya 2004, turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo) iko juu ya injini. Nimepata strati baa ya mbele ya mtumba, ile fimbo inayounganisha vichwa vya shokapu mbili za mbele: bomba la alumini, vibao viwili vya chuma vyenye matundu matatu kila kimoja, na ncha zinazozungushwa kurekebisha urefu. Haikuja na nati wala karatasi ya maelekezo. Nina soketi, spana za ringi na jeki. Torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) sina.

Gari niliinue au libaki chini? Nikifungua nati za juu ya shokapu, springi haiwezi kuruka? Urefu wa baa unaupataje? Na nikimaliza ni lazima nikapime alaimenti?

SpanaYaRingi
Jeki iache kwenye buti. Gari likae kwa matairi yake manne, sakafu iliyo sawa, usukani umenyooka. Zile nati tatu za pembeni ndizo zinazoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi. Gari likiwa chini, uzito wake wenyewe unakilalia kichwa hicho, kwa hiyo hata nati zote tatu zikitoka hakiendi popote. Ukiinua gurudumu kisha ukazitoa zote, shokapu linashuka, na kulipandisha tena matundu yakutane ukiwa peke yako ni kujitafutia shughuli.

Nati ya katikati usiiguse kabisa. Hiyo ndiyo inayozuia springi iliyobanwa, na kibao cha strati baa hakihitaji itoke.

Kazi yenyewe fanya upande mmoja hadi uishe, ndipo uhamie wa pili:

Usiku wa kuamkia siku hiyo, puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye hesi zinazoonekana. Asubuhi zisugue kwa brashi ya waya, na kabla ya kufungua chora alama kuzunguka kila nati kwa kalamu ya rangi, ili ujue kichwa kilikuwa kimekaa wapi. Nati ni M8 ya hesi 1.25, spana namba 12. Zikitoka, futa vumbi na mchanga wote pale kibao kitakapolala. Chembe moja ya changarawe chini ya kibao itakula rangi, kisha kutu itaanza, na baada ya muda nati zitalegea zenyewe.

Weka kibao, kisha nati mpya zenye kola pana au za kujifunga. Usirudishe za zamani, zimeshachoka. Hesi zifute mafuta zibaki kavu kabla ya kukaza, maana hesi yenye mafuta inakazika kupita kiasi bila wewe kuhisi. Kipimo ni Nm 20 tu. Bila torki renchi, chukua ringi yenye urefu wa sentimita 15 hivi na uvute nchani kwa nguvu ya kilo 13 au 14. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mashine ya upepo hapana: stadi hizo (bolti zinazochomoza) zimeshindiliwa kwenye maunti, yaani kichwa cha shokapu; ikikatika au ikianza kuzunguka na nati yake, unanunua maunti na shokapu linatoka zima.

Angalia pia stadi imebaki ndefu kiasi gani. Kibao kikiwa kinene, nati inaweza kukaa kwenye hesi chache mno. Nati ikishakazwa, hesi mbili au zaidi zionekane juu yake. Zisipoonekana, kibao hicho si cha stadi zako.

DadaPistoni
Naongezea la nafasi, maana ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye gari lako intakula imefungwa kwenye injini, strati baa kwenye bodi. Injini inatikisika kila unapokanyaga mafuta, bodi haitikisiki hivyo. Baa inayopita milimita mbili juu ya intakula itaonekana safi ukiwa umezima, halafu itaanza kugonga ukiingiza gia. Acha angalau sentimita moja. Na kabla ya kuilaumu baa, kagua ule mkono mfupi unaoshika injini kwa nyuma, upo chini ya intakula. Bushi zake zikiwa zimepasuka, injini inacheza zaidi na hakuna baa itakayopata nafasi.

Juu nako kuna boneti. Bandika vidonge vya udongo wa kuchezea wa watoto juu ya baa sehemu tatu nne, funika boneti polepole bila kuibamiza, fungua, pima unene uliobaki. Chini ya milimita 5 usifunge. Hakikisha pia mpira wa mdomo wa hewa wa boneti bado unalala kwenye intakula mzunguko mzima. Baa ikiuinua, hewa inapita pembeni, intakula haipoi vizuri, na injini yako inavuta hewa ya moto.

KigaliGaraji
Mkuu, hiyo baa ilitoka kwenye gari la usukani upande gani? Hapa kwetu Rwanda usukani ni wa kushoto, na baa nyingi kutoka Japani zimekatwa kwa usukani wa kulia. Kibao chenye mkono wa kuzuia mastasilinda (pampu kuu) ya breki kina upande wake. Ukikifunga kinyume, kinagusa chupa ya mafuta ya breki au hakizuii chochote.

BoksaWaTegeta
@KigaliGaraji usukani wa kulia, kama gari langu. Nimejaribisha juu juu. Kibao cha kushoto kimelala vizuri. Cha kulia bolti ya ncha haiingii, imepishana kama milimita 4. Nipanue tundu kwa drili?

SpanaYaRingi
Usipanue. Tundu refu ni mahali pa baa kuteleza, na baa inayoteleza haifanyi kazi yoyote. Ndiyo maana ncha zinazunguka: moja ina hesi ya kulia, nyingine ya kushoto. Legeza nati za kufungia zote mbili (zinazoshika ncha zisizunguke), zungusha bomba hadi bolti ipite kwa vidole, bila nyundo. Kaza kwanza nati sita za juu ya shokapu, kisha bolti za ncha, mwisho kabisa nati za kufungia. Ukianza na zile za ncha unavuta vibao kabla havijakaa.

MzeeWaKona
Ongeza robo mzunguko ya kusukuma nje, baa ikaze.

DadaPistoni
@MzeeWaKona kwa gari la barabarani sioni faida. Unasukuma vichwa vya shokapu nje, kamba (mlalo wa gurudumu kuelekea ndani) inapungua, tena huenda pande mbili zisilingane. Urefu wa sifuri, bila kusukuma wala kuvuta, unatosha. Baa inashika vichwa visikaribiane wala kuachana kwenye kona, haihitaji kuanza ikiwa imejikaza.

Kuhusu alaimenti: kwenye Forester kamba hurekebishwa kwa bolti ya chini, shokapu linapokutana na nako (kipande kinachobeba gurudumu). Nati za juu zikirudi kwenye alama ulizochora, hakuna kilichobadilika. Likivuta upande, hapo ndipo ukapime.

MzeeWaKona
Kwa hiyo akipita kwenye matuta atasikia tofauti?

SpanaYaRingi
Kwenye tuta hapana, magurudumu yote mawili yanapanda pamoja. Tofauti iko kwenye kona na unapohama njia kwa kasi, usukani unajibu mapema kidogo. Kama boljointi zimelegea au maunti za shokapu zimekauka, hela ianzie huko, kwa sababu ulegevu wa chini utaufunika ugumu wote wa juu. Na mjue, gari likigongwa kona moja ya mbele, baa inaweza kupeleka pigo hadi mnara (sehemu ya bodi inayoshika kichwa cha shokapu) wa upande wa pili.

Baada ya kilomita 100 rudia kukaza kwa kipimo kilekile. Ukisikia kokoko ukikata usukani, anza na nati za vibao. Usifunge waya wala mipira kwenye baa upande wa kulia, turbo iko palepale chini.