Tupeane uzoefu: Tovuti ya matokeo imebadilisha ukurasa wa mbele, wewe yalikukuta yapi?

Chaki wa Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu.

Nina kibanda umiza hapa Nkuhungu, viti vya plastiki arobaini na mabenchi matatu. Nje nimegongelea plaiwudi niliyoipaka rangi nyeusi, na kila Jumatatu asubuhi naandika msimamo wa Ligi Kuu kwa chaki. Timu zote 16, mechi, mabao, pointi. Watu wananijua kwa ubao ule kuliko kwa kibanda chenyewe. Bodaboda anasimama, anasoma, anamkejeli mwenzake, anawasha pikipiki anaondoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Simu mkono wa kushoto, chaki mkono wa kulia. Nikifungua ile tovuti msimamo uko pale pale juu kulia, herufi ndogo lakini zinasomeka. Jumatatu iliyopita nafungua, nakutana na picha ya mchezaji imejaa kioo kizima, kaachama mdomo. Nashusha, picha nyingine. Nashusha, video. Msimamo nimekuja kuukuta huko mwishoni kama kitu kilichodondoka kwenye gari, tena wameweka timu tano tu za juu na kitufe cha "ona zaidi". Nabofya, naambiwa nipakue programu yao kwanza.

Nikaandika tano, nikabaki nimeshika chaki. Jamaa mmoja shabiki wa Dodoma Jiji akaniangalia, akauangalia ubao: "Kwa hiyo sisi tumeshushwa daraja leo asubuhi?"

Haya, tupeane uzoefu. Jina la tovuti tusilitaje, wenyewe wanajijua. Matusi sitaki, nataka visa. Na utani wa Simba na Yanga tuuache mlangoni (najua hamtauacha).

Mlima Zabibu Damu

Mkuu Chaki, wewe umekosa timu kumi na moja, mimi nimekosa ngozi.

Siku ya mechi yetu pale Jamhuri nikachungulia ratiba kwenye huo ukurasa mpya. Imeandikwa 13:00. Nikasema haya, saa saba mchana, wamewahisha. Nikafunga genge mapema, nikamwachia shemeji funguo, saa sita na nusu niko getini. Geti limefungwa. Yupo mama wa karanga peke yake, anatandika gunia. Nikamuuliza watu wako wapi, akanijibu, "Baba, mpira si saa kumi?"

Jua la Dodoma mnalijua, na upepo wake wa vumbi. Nikakaa pembeni ya ukuta kwenye kivuli cha upana wa kiganja, kila kikisogea nami nasogea. Karanga nimekula za elfu mbili. Timu zinaingia uwanjani mimi sauti imekauka, nashangilia kwa mikono.

Kijana wa UDOM

Pole sana mkuu 😂 Hiyo 13:00 ni saa za Greenwich. Sisi tuko mbele saa tatu, 13:00 yao ndiyo 16:00 yetu, yaani saa kumi jioni. Wa zamani ulikuwa unaandika saa zetu.

Mlima Zabibu Damu

Ungenipigia simu siku ile.

Mama Rehema

Mimi nilidhani nimedukuliwa. Nikazima simu, nikatoa laini, nikairudisha. Bado mchezaji kaachama.

Mwalimu wa Mpwapwa

Habari za jioni ndugu zangu. Changu mimi kinamhusu mzee wangu, ana miaka sabini na mbili, Yanga wa kuzaliwa.

Mzee hatazami mpira usiku, anasema moyo hauruhusu. Anasoma matokeo asubuhi. Miaka miwili mitatu nyuma nilimwonyesha ile tovuti na akaizoea vizuri kabisa, maana chini ya kila matokeo waliweka sentensi moja ya maelezo. Mtakumbuka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. USM Alger walitufunga 2-1 Dar es Salaam, halafu Juni 3 tukaenda kuwafunga 1-0 kwao Algiers. Asubuhi ile mzee akafungua simu, akaona tumeshinda, akaanza kuniita kwa sauti ya harusi. Halafu akasoma ile sentensi: USM Alger mabingwa kwa mabao ya ugenini. Akanyamaza. Akaniuliza, "Mbili kwa mbili, wao wanachukuaje?" Nikamchorea chini kwa kijiti: sisi kwao tumefunga moja, wao kwetu walifunga mawili. Akakubali kwa shingo upande, lakini alielewa kilichotokea kwa kuwa kiliandikwa.

Ukurasa mpya umeiondoa ile sentensi. Kuna namba, nembo za klabu, na vialama. Kadi ya njano ni kidoti, mchezaji kubadilishwa ni mishale miwili, penalti ni kiduara chenye herufi. Mzee ananiletea simu kila asubuhi kama anayeleta barua ya mahakama: "Mwanangu, nisomee." Mtu aliyekuwa anajisomea mwenyewe! Hilo ndilo limenikera, wala si picha.

Chaki wa Nkuhungu

Shikamoo mwalimu. Hapo umenigusa.

Afisa Mtumba

Sitaandika mengi, natumia simu ya kazini. Kikao, saa tatu asubuhi, tunajadili manunuzi. Nikachungulia chini ya meza kidogo tu. Video ikajianzisha yenyewe na sauti ya mtangazaji anapiga GOOOOO isiyoisha. Kila nikibonyeza kuinyamazisha inafunguka tangazo. Bosi wangu akasubiri mpaka imalizike ndipo akauliza, "Nani kafunga?" Nikajibu. Ilikuwa timu yake, namshukuru Mungu.

Kijana wa UDOM

Hizo video ndizo zinatumaliza sisi wa bando la wiki. Zamani MB mia nilikuwa naangalia matokeo siku nne tano, kwa sababu ilikuwa maandishi matupu. Sasa kufungua ukurasa na kuufunga, meseji ya "umetumia asilimia 75" hii hapa. Na hata hujaangalia kitu, umeshusha tu kutafuta matokeo.

Mkeka Haujachanika

Kidole kina kumbukumbu kuliko kichwa. Miaka yote nilikuwa nikifungua, dole gumba linakwenda lenyewe pale chini kushoto, "Matokeo". Sijawahi hata kuangalia. Sasa pale pale wamepanda kitufe cha kampuni ya kubeti, rangi ile ile ya kijani. Siku ya kwanza nimeingia mara tatu bila kujua. Mara ya nne nikasema labda ni ishara, nikaweka mkeka wa timu saba.

Sita zimeingia. Msiniulize ya saba.

Mama Rehema

Ya saba ni timu gani?

Mkeka Haujachanika

Nimesema msiniulize.

Fundi Kurasa, Makole

Wakuu naomba nisipigwe mawe. Natengeneza tovuti, si hiyo, lakini kazi naijua, na nadhani mnawaonea kidogo.

Ule ukurasa wa zamani ulijengwa enzi za kompyuta. Ulikuwa na safu tatu: habari kushoto, picha katikati, msimamo kulia. Kwenye kompyuta unapendeza. Kwenye simu safu tatu zinabanana ndiyo maana herufi zilikuwa kama chawa, na nyie mlishazoea kukuza kwa vidole viwili mkaona ndiyo maisha. Sasa watu wengi wanaingia kwa simu, basi kila kitu kinapangwa safu moja, kimoja chini ya kingine. Kwenye safu moja lazima mmoja awe wa juu na mwingine wa chini. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia: mhariri anataka picha, wa masoko anataka tangazo, na msimamo hauna mtu wa kuutetea kikaoni.

Na tukumbuke hatulipii hata senti. Wanalipwa matangazo yakionekana. Ukishuka sana, umeona mengi.

Ila la saa ni uzembe, siwatetei. Ukurasa unatakiwa usome saa ya simu yako. Ukishindwa ndio unaangukia Greenwich. Shukeni mpaka chini kabisa, pameandikwa "mipangilio", chagueni saa za Afrika Mashariki. Na wewe mkuu Chaki, usipitie mbele tena. Fungua huo msimamo kwa kivinjari cha kawaida, wakikwambia pakua programu tafuta kaherufi kadogo "endelea bila programu", kako juu pembeni, rangi ya kijivu. Ukishaona timu zote 16, bonyeza vidoti vitatu vya kivinjari, chagua kuongeza kwenye skrini ya mwanzo. Utakuwa unaingia moja kwa moja.

Mlima Zabibu Damu

Kwa hiyo ngozi yangu ilikuwa "mipangilio".

Mwalimu wa Mpwapwa

Fundi, maelezo yako nimeyaelewa na nashukuru. Lakini ile sentensi moja ya mzee ilikuwa inachukua nafasi ya nani?

Fundi Kurasa, Makole

Mwalimu, hapo sina jibu. Kuna mtu alikuwa anakaa usiku anaiandika. Kialama kinajiweka chenyewe.

Dada wa Kibaigwa

Jamani naomba niseme tofauti, mkininunia sawa.

Niko hapa sokoni Kibaigwa, nanunua na kuuza mahindi, na mpira wa wanawake ndio ugonjwa wangu. Nilicheza shuleni, namba sita. Kwenye ukurasa ule mnaoulilia, mimi nilikuwa natafuta Ligi Kuu ya Wanawake kama anayetafuta sindano kwenye pumba. Unaingia "michezo mingine", unapita ndondi, unapita riadha, unapita habari ya mwaka juzi ya mchezo wa bao, ndipo unakuta Simba Queens na JKT Queens wamewekwa mstari mmoja, na matokeo ya wiki mbili nyuma. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokwenda WAFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake) Morocco Julai 2025 wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, mimi nilijua kwa kupigiwa simu na mdogo wangu. Ule ukurasa wenu mzuri ulikuwa na picha ya usajili wa wanaume.

Huu mpya una kichupo cha "Wanawake" juu kabisa, cha pili toka kushoto. Siku ya kwanza nilikibonyeza nikiwa nimekaa juu ya magunia nasubiri mzani. Nikakuta ratiba, msimamo, wafungaji na majina yao kamili. Nikawaita vijana wa kupakia waje waone. Mmoja akaniuliza, "Kumbe wana ligi?" Ndiyo kwanza anajua! Anapakia mahindi yangu mwaka wa tatu na nimemwimbia hiyo ligi kila siku.

Kwa hiyo picha ya aliyeachama naichukia kama nyie, video inanila bando kama nyie. Lakini kuurudisha ule wa zamani, hapana. Mimi kwenye ule sikuwamo.

Mama Rehema

Dada umesema. Nakwenda kukitafuta hicho kichupo.

Abiria wa Kochi la Tatu

Nimesoma yote. Langu ni la Machi 8, 2025, siku ya dabi ya Simba na Yanga iliyoahirishwa. Nilitoka Dodoma na SGR, jezi ndani ya begi, tiketi ya uwanjani mfukoni. Kwenye behewa watu wanabishana, huyu anasema Simba hawachezi kwa sababu walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jana yake, yule anasema hizo ni porojo za mitandaoni. Mnajua treni ikiingia yale mahandaki ya Kilosa mtandao unakata, ukitoka unarudi kidogo, ukiingia unakata tena.

Kila tukichomoza nafungua ile tovuti. Inafunguka kwa mtandao wa mstari mmoja, maandishi matupu. Mechi bado ipo. Handaki. Bado ipo. Baadaye tumeshaiacha Morogoro, nikafungua nikakuta neno moja la njano kwenye mstari wa mechi: IMEAHIRISHWA. Nikalisoma kwa sauti. Behewa zima likawa kimya, halafu mzee wa siti ya mbele akasema, "Basi tukasalimie ndugu."

Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, sikwenda tena.

Wiki iliyopita nimesafiri njia ile ile nikaujaribu ukurasa mpya. Handaki la kwanza mpaka la mwisho ulikuwa unazungusha kiduara. Fundi asinijibu, najua sababu ameshaitoa.

Mkeka Haujachanika

Abiria, "Yanga wakashinda 2-0" ilikuwa lazima uiweke?

Abiria wa Kochi la Tatu

Ni historia mkuu. Nimeipitia tu.

Chaki wa Nkuhungu

Wakuu asanteni, narudi na mrejesho.

Dawa ya Fundi imefanya kazi. Hako kaherufi ka kijivu nimekatafuta kwa miwani ya mke wangu, lakini nimekapata. Jana asubuhi nimeandika timu zote 16 na jamaa wa Dodoma Jiji kapumua.

Halafu nikasoma tena ya Dada wa Kibaigwa, nikauangalia ubao wangu. Miaka sita nauandika na sijawahi kuweka ligi yao hata siku moja. Nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta nusu ya kulia, nikabana wanaume kushoto kwa herufi ndogo, kulia nikaandika WANAWAKE na timu zao zote. Nikarudi nyuma hatua tatu kuangalia. Nikaona imekaa vizuri.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee wa kuuza kahawa, mteja wangu wa tangu nafungua. Kaweka birika chini. Kasogea mpaka pua inagusa plaiwudi, kapitisha kidole huku na huku.

"Chaki," akaniambia, "huu ubao nani kakuharibia?"