Maji moto wamejaa kwenye miembe yangu: niwapulizie dawa au niwaache?

Kijana wa Bondeni: Wakuu, heshima kwenu. Nina miembe 60 huku Mkuranga. Msimu uliopita nzi wa matunda walinimaliza: embe kwa nje zuri, ukilipasua funza tupu. Mwaka huu maji moto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani kuwa viota, wamejaa karibu kila mti upande wa bondeni. Vibarua wamegoma kupanda, mmoja alishuka huku anavua shati. Jirani ananishauri nipulize niwamalize kabla ya kuchuma. Mnasemaje?

Shangazi Mbegu: Weka pampu chini kwanza, mwanangu. Chuma embe 10 kwenye miti yenye viota na 10 kwenye isiyo navyo, uzipasue. Utajijibu mwenyewe.

Mkorosho Mtwara: Huku kwetu tunawatunza makusudi, maana wanapambana na mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi. Kwenye embe, kazi yao kubwa si kumkamata nzi. Wanamsumbua asitue, na harufu wanayoiacha kwenye ganda inamfanya jike asite kutaga. Hilo limechunguzwa Benin kwenye miembe. Wachina nao wamewatumia ndugu zao kwenye michungwa kwa zaidi ya miaka 1,600.

Mzee wa Pampu: Msiwapambe sana. Wanafuga vidung'ata, vile vidudu vinavyofyonza utomvu wa mti, wapate ule utamu wao, na wanawalinda dhidi ya maadui zao. Ukiona majani yananata na masizi meusi yanaota juu yake, kata tawi hilo uchome.

Mkorosho Mtwara: Kweli, mzee, lakini mimi bora nipambane na vidung'ata ninaowaona kuliko funza aliyejificha ndani ya embe. Kijana, ukitaka wasambae, funga kamba kutoka mti hadi mti. Angalizo: usiunganishe miti ya makundi mawili tofauti, watauana wao kwa wao. Chunguza pia shinani kama kuna wale sisimizi wadogo wa kahawia, wenye baadhi yao vichwa vikubwa. Hao wakitawala ardhini, maji moto hawashuki.

Kijana wa Bondeni: Shangazi, shikamoo. Nimepasua. Bondeni mawili yana funza, upande wa barabarani saba! Dawa sipulizi. Ila vibarua je?

Shangazi Mbegu: Marahaba. Wachume asubuhi na mapema kabla jua halijawachangamsha wadudu, wapake majivu mikononi na miguuni, na matawi ya chini wayachumie wakiwa chini kwa ufito mrefu wenye kifuko. Nyongeza ya ujira kidogo nayo hutuliza maumivu. Na yale yaliyoanguka usiyaache hapo, hata yenye maji moto juu yake. Fukia nusu mita kwenda chini, au yafunge kwenye mfuko mweusi uanike juani.

Mzee wa Pampu: Na huko barabarani?

Kijana wa Bondeni: Kesho natafuta kamba, mzee. Kuna mwembe mmoja katikati, nitaanzia hapo.