Iron Lung au Mouthwashing? Natafuta gemu moja ya kutisha ya angani, ya kumaliza usiku mmoja

KijanaWaMuyeye (Malindi)
Asalaam aleikum wakuu. Alhamisi binamu zangu wawili wanakuja kutoka Gongoni, nataka tuzime taa sebuleni tucheze gemu moja ya kutisha ya mambo ya angani tuimalize kabla ya adhana ya alfajiri, sitaki zile za kuchezwa mwezi mzima. Laptopu yangu ya zamani kidogo, ram 8, haina kadi ya grafiki ya maana, na bando langu ni la kuhesabu kwa hivyo ntadaunlodi moja tu. Nimechuja nikabaki na tatu, Iron Lung ya 2022, Mouthwashing ya 2024, na Signalis ambayo pia ni ya 2022. Video nimeangalia dakika mbili mbili nikazima, sitaki kuharibiwa hadithi. Aliyezicheza anambie ukweli ipi inatisha na ipi ni kelele tu. Na tafadhali msinimwagie mwisho.

MwanaNgomeni
Iron Lung. Nimeicheza mara tatu na mara zote tatu nimetoka jasho.

Iko hivi. Uko ndani ya nyambizi ndogo, chumba hata hakifiki jiko la mama, mlango umechomelewa nyuma yako, dirisha limezibwa kwa chuma kwa sababu ya presha, na nje ni bahari ya damu kwenye mwezi mmoja huko mbali. Nyota zote zimepotea na sayari zote zinazokalika zimepotea, waliosalia ni wale tu waliokuwa kwenye vituo na vyombo vya angani. We ni mfungwa, umeambiwa kapige picha sehemu hizi na hizi ukirudi unaachiliwa. Basi, na huoni kitu. Una ramani, una namba mbili za kukwambia uko wapi na moja ya kukwambia umeelekea wapi, na vitaa vinavyolia ukikaribia mwamba. Kitufe cha kamera kiko nyuma kabisa, kwa hivyo kila ukitaka kuona mbele lazima uache usukani, ugeuke, utembee, ubonyeze, usubiri picha ije taratibu, nyeusi na nyeupe imejaa chenga. Ile kusubiri ndo gemu yenyewe.

Sasa mi nimekulia Ngomeni, baba mvuvi, na nlipokuwa mdogo tulikuwa tunarudi usiku wa kiza bila hiyo jipiesi, mzee anahesabu tu, injini imekwenda muda gani, mkondo unavuta wapi, upepo unapiga bega gani, na akikosea ni mwamba. Na ile mitambo ya San Marco iko pale majini tangu miaka ya 60, ndo hapo Waitaliano walipokuwa wakirusha setilaiti, ile Uhuru ilirushwa pale 12 Desemba 1970 siku ya Jamhuri, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndo ikapewa jina hilo, setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za nyota. Sa usiku ukiambaa upande ule unaiskia mitambo kabla hujaiona, maji yanapiga miguu ya chuma, ngoo, ngoo. Hiyo sauti iko ndani ya Iron Lung, chuma kinakamuliwa na maji we umo ndani. Aliyeitengeneza, David Szymanski, sidhani amewahi kufika huku lakini ameipata vile ilivyo.

Saa moja hivi, ukizubaa saa moja na nusu, umemaliza.

bintiLangoni (Lamu)
Yakhe Iron Lung nzuri lakini ukimaliza umemaliza, hakuna mtu wa kumkumbuka. Mouthwashing mi nliimaliza usiku nikalala na taa, na si kwa sababu ya zimwi, kwa sababu ya watu.

Wako watano tu ndani ya meli ya mizigo inaitwa Tulpar. Nahodha Curly, msaidizi wake Jimmy, Anya muuguzi, Swansea fundi, na Daisuke kijana wa kujifunza kazi. Meli imegonga, njia zimejaa povu la kuziba matobo, chakula kinaisha, wakifungua mzigo waliokuwa wanaubeba muda wote huo ni dawa ya kusukutua mdomo. Hii si kumwaga mwisho, jina lenyewe lasema. Hadithi yaruka mbele na nyuma, kabla ya ajali na baada ya ajali, na we mchezaji yakubidi uunganishe mwenyewe nani alifanya nini.

Kitu kimoja tu nitawapa. Mapema kabisa nahodha yuko kitandani, amefungwa bendeji mwili mzima, mikono hana, miguu hana, limebaki jicho moja lakutazama na meno. Anya hawezi kumpa dawa, mkono wamtetemeka, basi wapewa wewe. Wamfungua mdomo wewe mwenyewe wamtia kidonge na yeye analia. Nliacha mausi nikakaa. Na hapo sikuwa bado najua nani ni nani kwenye ile meli, nilipokuja kujua nikarudi kuwaza lile jicho lilikuwa likitaka kunambia nini.

Masaa mawili na nusu au matatu, yaenea kwenye usiku wako.

fundi_wa_Watamu
Upande wa mashine. Iron Lung ni nyepesi sana, hiyo laptopu yako haitaona taabu. Mouthwashing kwangu ram 8 kama wewe, imeenda bila kukwama kwa vile grafiki zake zimefanywa makusudi kama za PlayStation ya kwanza, ila feni ilipiga kelele. Signalis pia inaenda. Bei zinapanda hivyo hivyo, Iron Lung rahisi, Mouthwashing katikati, Signalis juu. Hedifoni muhimu kuliko kadi ya grafiki, lakini nyinyi watatu, tafuta spika nzuri.

Mkomani_usiku (Lamu)
Signalis msiipite hivi hivi jamani. Watu wawili tu wameitengeneza, wa Hamburg Ujerumani, na sijaona gemu inayopenda redio namna ile, unazungusha masafa kutafuta namba, unaskia sauti ya mwanamke inasoma tarakimu katikati ya mikwaruzo ya redio, mwili unasisimka. Unabeba vitu sita tu, risasi ni kitu, ufunguo ni kitu, dawa ni kitu, kila mlango unasimama kuamua uache nini. Lakini ukweli ni masaa nane mpaka kumi, alfajiri itakukuta nusu. Iweke kwa likizo, ukiwa peke yako.

MwanaNgomeni
@bintiLangoni dadangu nakuheshimu lakini Mouthwashing inahuzunisha, haitishi. Na kuna ile sehemu ya kunyata usiskike na yule mnyama, nimeirudia mara nne nikakasirika, woga wote umekwisha. Ukirudia rudia kitu hakikutishi tena.

bintiLangoni
Ile sehemu nakubali ni mbovu, hata mimi nliirudia. Lakini kusema haitishi, hapana. Iron Lung unaogopa kilicho nje ya chuma. Mouthwashing unakaa meza moja na kitu hicho, mwala keki ya bethidei pamoja, na kila mtu ameona dalili akanyamaza. Mimi kama mwanamke lile la Anya limenigusa mahali, anasema, anasema tena kwa njia nyingine, na anayesikizwa ni mwingine. Sijaona gemu nyingine iliyolishika jambo hilo kwa makini hivyo.

@KijanaWaMuyeye hao binamu wana miaka mingapi? Uliza hilo kabla ya bando.

KijanaWaMuyeye
Mmoja 19, mdogo 14.

bintiLangoni
Basi Mouthwashing usiwawekee. Kuna mambo ya unyanyasaji na ya mtu kujitoa uhai, si ya mtoto wa miaka 14 kuyaangalia sebuleni katikati ya kaka zake wanacheka. Icheze wewe peke yako wakisharudi, na ikikulemea simama. Kwa Alhamisi namuunga mkono MwanaNgomeni.

fundi_wa_Watamu
Kuna mtu atakuja kusema Lethal Company, hiyo ya kukusanya vyuma chakavu kwenye miezi watu wanne pamoja. Ni nzuri kwa genge lakini kila mtu anataka mashine yake na intaneti. Laptopu moja haifai.

MwanaNgomeni
Ahsante dadangu. Sasa skiza mdogo wangu, watu watatu gawaneni kazi kama chomboni. Mmoja ashike usukani, mmoja asome ramani, mmoja kazi yake kamera tu. Ramani ichoreni kwenye karatasi yenu ya hesabu ile ya mraba, muweke nukta kila mkisimama, maana gemu haikuonyeshi uko wapi kwenye ramani, inakupa namba tu. Anayeshika usukani asitazame karatasi, aambiwe. Mtaona mtakavyogombana.

KijanaWaMuyeye (siku tatu baadaye)
Tumecheza Iron Lung. Nimempa mdogo karatasi, yule wa 14, na wallahi sijawahi kumuona ametulia vile, ana rula, ana penseli, anaambia kaka yake punguza, punguza, kulia digrii kumi, na kaka yake anatii. Mara moja alikosea kusoma akageuza namba mbili, tukagonga, chombo kikalia chote, na akabaki ameshika penseli hewani hasemi kitu. Nikamwambia weka nukta tuendelee.

Picha ya nne ama ya tano stima ikapotea mtaa mzima. Laptopu ikaendelea kwa betri, spika ikazima, tukabaki na ile sauti ndogo ya laptopu yenyewe na mwanga wa skrini kwenye nyuso zetu, na nje mbwa wa jirani kanyamaza. Nikabonyeza kamera. Picha ikaja. Sisemi kulikuwa na nini, lakini mkubwa alisimama akaenda kukaa mlangoni na hakurudi kwenye usukani, ilibidi nishike mimi.

Tumemaliza saa saba kasorobo. Kwangu kasoro moja tu, katikati kuna muda mrefu wa kusoma namba tupu, ukiwa peke yako nadhani utachoka, watatu hatukuuona.

Mouthwashing nimenunua jana bando lilipoingia. Nimefika pale pa kidonge. Nimeacha, ntaendelea leo usiku.

@MwanaNgomeni yule mdogo karatasi ameibandika ukutani kwao, na anauliza kama ile mitambo ya San Marco inaonekana vizuri kutoka ufuoni au mpaka mtu apande chombo.

MwanaNgomeni
Kutoka ufuoni yaonekana. Mwambie aje Jumapili asubuhi mapema kabla jua halijapanda, na aje na karatasi yake nimuonyeshe baba.